Riwaya Isiyo na Ng'ombe

Nisiwafiche, riwaya ile niliipenda mpaka nikaisoma huku nasonga ugali, ugali ukaungua. Ilikuwa ya mapenzi, mambo ya Dar. Mwandishi alipenda mno kuwaliza watu. Kila sura kilio! Lakini kijana wake, fukara wa mwisho, alijua kuongea na mwanamke, na hapo mimi nilikuwa nimekwisha.

Ilikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi wa pamba. Kasoli, kwenye kiwanda cha pamba, kulijaa malori, na mnada wa Bariadi ukajaa mitumba, redio, na kijana mmoja aliyetandaza vitabu juu ya turubai. Aliniazima kimoja baada ya kingine, riwaya ile ikiwamo, sharti nikirudisha nimwambie ukweli nilivyokiona. Nilimwambia ukweli mpaka akasema anataka kunioa. Tatizo, kwao hakukuwa na hata ndama, na baba yangu mahari aliyoijua ni ng'ombe tu. Nilimwambia mama peke yake.

Basi nikapata akili. Mama na shangazi zangu walikuwa wakishinda barazani wakichambua pamba: nyeupe tunaiita safi, yenye madoa tunaiita fifi. Nikawasomea riwaya ile, nikiigeuza Kisukuma papo hapo, nikitumaini itawalainisha. Tulipofika kwenye harusi, mikono yote ikasimama.

"Subiri kwanza. Ng'ombe wamefika lini?" akauliza shangazi mkubwa.

"Hawamo, shangazi. Wameoana tu."

"Wameoana tu? Mayu wee! Huyo binti hana kwao?"

Wakakataa kuendelea. Kitabu fifi hicho!

Nilinuna hadi jioni. Kesho yake nikaja na kingine, cha mume mwenye mifugo tele anayemnyanyasa mkewe. Kusema kweli hiki kilinichosha; mwandishi anahubiri kumshinda mchungaji. Lakini shangazi walimtukana yule mume kana kwamba ni jirani yao, wakasema afadhali hata fukara wa jana, angalau alijua kumbembeleza mtu. Jamani, nilifurahi!

Mama hakuinua macho kwenye pamba yake. "Na huyu wako wa vitabu," akasema mbele ya wote, "naye anajua kubembeleza?"

Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi wote walikuwa wamenigeukia.

"Anajua, mama."

"Haya, mlete tumwone."

Jumapili alikuja amevaa suti ya mtumba, jasho linamtiririka. Aliamkia vizuri, akasimama. Baba alimtazama juu mpaka chini, kisha akauliza bila kuzunguka: "Ng'ombe wako wapi?"

Kijana akanitazama mimi, mimi nikatazama jikoni.

Mama akatokea jikoni, mikono ina unga. "Mzee," akasema taratibu, "na wewe siku ile ulipokuja kwetu, ng'ombe walikuwa wapi?"

Shangazi, dada zake mwenyewe, wakapiga vigelegele. Baba alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akainuka, akampa yule kijana kiti chake.