Tofali la Elfu Tatu na Moja

Jina lake halisi lilikwisha kusahaulika. Mtaa mzima ulimwita Bei Poa. Tofali ambalo wenzake waliliuza elfu moja na mia tano, yeye alilitoa kwa elfu moja na mia mbili, na magari yalijipanga langoni kwake tangu asubuhi. Kiwanja kilichangamka, mfuko ukakauka. Ndipo mwenye mashine ya kufyatulia alipomaliza maneno: kodi yote ilipwe mwisho wa mwezi ujao, la sivyo anakuja kuibeba mashine yake.

Mdogo wa mkewe, karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimkuta sebuleni akiapa kushusha bei tena ili auze zaidi. Akamtaka kwanza ataje gharama zinazomla hata akilala mwezi mzima. Kiwanja, mashine, mlinzi: laki kumi na mbili. Na saruji, mchanga na ujira wa tofali moja? Elfu moja na mia moja.

"Basi kila tofali linakuachia mia," alisema. "Ili hizo laki kumi na mbili zirudi tu, uza matofali elfu kumi na mbili kwa mwezi."

"Shemeji, kiwanja chenyewe hakitoshi kuanika zaidi ya elfu sita kwa mwezi."

"Kwa hiyo hufanyi biashara. Unawajengea watu nyumba bure, tena kwa jasho."

Bei Poa akauliza, kwa sauti ya chini, ingekuwaje kwa bei ya wenzake. Tofali lingemwachia mia nne, akajibiwa. Matofali elfu tatu yangetosha.

Bei Poa akairudia hesabu mwenyewe. Mia tatu tu, aliyokuwa akiitupa kwa tabasamu, ilikuwa imeusukuma mpaka wa faida kutoka matofali elfu tatu hadi elfu kumi na mbili, mahali ambapo mashine ingekufa kabla ya kufika. Alitoka akasimama mbele ya safu za matofali aliyoyajua moja moja, akayaogopa kidogo.

Kesho yake, mwezi ulipoanza, akapandisha bei. Mkandarasi wa siku zote alishuka garini akicheka.

"Bei Poa, umeugua nini?"

"Nimepona, bosi wangu."

Mkandarasi akageuza gari. Wengine wakamfuata, na kwa wiki nzima mkewe hakuzungumza naye ila kwa lazima. Lakini wenye haraka walinunua, na wenye kuyajua matofali yake wakarudi wakinung'unika.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha, wapakiaji walinyanyua tofali la elfu tatu na moja kuuzwa mwezi huo. Akawaambia wangoje. Akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza. Kingo zilezile, uzito uleule, halina tofauti hata chembe na lililotangulia. Ila mia nne za lile zilikuwa za mwenye mashine, na mia nne za hili zilikuwa zake.

"Haya, pakieni," akasema, akaenda kulipa kodi.