Kofia niliyomshonea Mzee Bakari, kipofu wa chama cha nyota Likoni

Wakuu, salaam aleikum, na wasio wa salaam hiyo hamjambo.

Mimi ni bibi wa miaka themanini kasoro kidogo. Huwa nasoma nyuzi zenu kimyakimya kwa simu ya mjukuu wangu. Leo na mimi nina langu, na sitii chumvi, wallahi.

Mwaka ule wa uhuru, Likoni tulikuwa na chama cha kutazama nyota. Ndiyo, nyota. Mnacheka nini?

Kilianzishwa na Mwalimu Josephat, mtu wa bara aliyeletwa kufundisha kwetu. Darubini aliiunda mwenyewe kwa bomba la bati na vioo vya miwani.

Tulikutana kila Alhamisi baada ya isha, uwanja wa nyuma ya msikiti. Makuli wa bandarini, wakulima, kina mama, wote karibu. Asiyeweza kusimama aliletewa kiti. Asiyejua kusoma alielezwa kwa mdomo, hata mara kumi. Sijaona tena mtu mwenye subira kama Mwalimu yule.

Kanuni ilikuwa moja tu. Ukitaka kuwafundisha wageni, uonyeshe kwanza kwa kidole vitu vitatu angani: Kilimia, yaani kile kifungu cha nyota ndogondogo; zile nyota tatu zilizojipanga mstari; na Suheli, ile kali ya upande wa kusini.

Sasa kulikuwa na Mzee Bakari, mkulima, ndui ilimpofusha utotoni. Hakukosa hata mkutano mmoja. Mamake alimlea kwa habari za Kilimia na majira ya kupanda, na alitamani kufundisha kuliko sisi sote.

Siku aliyoomba kujaribiwa, Bwana Faraji, karani wa bandarini, akacheka. "Kipofu na nyota, wapi na wapi?"

Mimi roho iliniuma.

Nilikuwa msichana, kazi yangu kushona kofia za vitobo. Unatoboa kitambaa, unazungushia tundu uzi mpaka ukingo unakuwa mgumu, kidole kinauhisi vizuri. Nikaapa nitamshonea mbingu ya baada ya isha.

Wiki mbili nilitazama juu nikichora, kukicha nashona. Kilimia nilikipa vitobo sita vilivyobanana. Mbele ya kofia nikatoboa tundu kubwa la kuonyesha kibla, ambacho kwetu ni kaskazini.

Nikampelekea kwa maringo yote. Akapapasa, akakunja uso.

"Mwanangu, Kilimia hutangulia kutoka, zile tatu hufuata. Hapa zile tatu ndizo zimetangulia kwenda magharibi."

Nikahamaki. Wiki mbili za kujidunga sindano! Nikamwambia, Mungu anisamehe, "Kwani Mzee, wewe umeziona wapi?"

Hakukasirika. "Mimi mato sina, lakini mamangu alikuwa nayo."

Akaigeuza kofia ndani nje, kulia na kushoto vikabadilishana, akaivaa, lile tundu kubwa likaelekea kibla. Akapapasa tena, akatabasamu.

"Sasa sawa. Ulizitazama ukiwa chini, ukazishona kama uko juu. Sisi, mwanangu, tumo ndani ya kofia."

Nilirudi nyumbani nikalia kwa aibu. Faraji alisema kwa kicheko, mimi nikasema kwa hasira, lakini neno lilikuwa lilelile.

Alhamisi ya jaribio, wingu zito likafunika anga yote. Faraji naye alikuwa wa kujaribiwa. Akakodoa macho weee, akasema, "Mwalimu, leo haiwezekani."

"Mimi naweza," akasema Mzee Bakari.

Akasimama kuelekea kibla kama anayetaka kuswali. Mkono mmoja kwenye kofia, mwingine juu. Akaonyesha Kilimia. Akaonyesha zile tatu. Akageuka taratibu, akaonyesha Suheli.

Mwalimu hakusema sawa wala si sawa. Kila mara Mzee Bakari alipoonyesha, Mwalimu alichomeka ardhini kijiti cha mhogo, akakiinamisha kufuata mkono wa Mzee. Tukangoja. Nilijua kama nimekosea kitobo kimoja, aibu ni yake.

Si muda, upepo wa kaskazi ukalisukuma wingu.

Faraji ndiye aliyepiga magoti wa kwanza. Akafumba jicho moja, akatazama kufuata kijiti cha Kilimia. Akaenda cha pili. Kwenye cha tatu alikaa sana, kisha akainuka akijipangusa mchanga.

"Mzee Bakari," akasema polepole, "hiyo Suheli mimi sijawahi kuijua sawasawa. Nifundishe."

Ndipo akawa mwanafunzi wake wa kwanza.

Funzo nililolipata: kumpenda mtu hakukuzuii kumdharau. Mchunge ulimi hata unapomfanyia wema.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu Kilimia mnakiitaje, na nani alikuonyesha? Ila atakayeandika hapa kipofu na nyota wapi na wapi, ajue kofia ninayo kabatini. Wana wa Mzee Bakari walinipa alipozikwa, na bado iko ndani nje kama alivyoivaa.