Kijana wa Kundi B

Iko siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka hushusha macho. Nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha chakula cha ghala moja la vipuri vya magari kule Plano, kaskazini ya Dallas, wali na samaki wa jana mbele yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilijiona mjuzi wa kila kitu. Karani wa ofisi yetu, mama wa Kijapani tuliyemwita Bi Keiko, alikaa upande wa pili wa meza, akafungua kikasha chake cha chakula, akaniuliza swali ambalo tangu nizaliwe Mombasa sikuwahi kuulizwa na mtu asiye daktari. Aliniuliza kundi langu la damu ni lipi.

Nakueleza haya kwa sababu juzi, kwenye akdi ya binti wa jirani yetu hapa Katy, kando ya Houston, nilikusikia wewe na wenzako mkiulizana jambo hilo hilo, simu mikononi. Mmoja wenu akasema kwa Kiingereza kwamba yeye hawezi kuolewa na mtu wa kundi B, hata aje na nini. Mkacheka. Nami nilicheka, maana harusini si mahali pa mawaidha. Lakini nilirudi nyumbani na neno moyoni, na neno la moyoni likikaa sana huchacha.

Nilimjibu Bi Keiko kuwa mimi ni A. Nilijua kutokana na vipimo nilivyofanyiwa kabla ya safari. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa analijua jibu. Akanieleza kuwa kwao Japani watu wengi huulizana hivyo wakikutana, kama sisi tunavyoulizana kwenu wapi na u mtoto wa nani. Watu wa A, akasema, ni waangalifu, wapenda utaratibu, watunza ahadi. Wa O wana moyo mkubwa na hupenda kuongoza. Wa AB hawasomeki upesi. Na wa B hufuata vichwa vyao. Ukiwaambia waende kulia, wanataka kwanza kujua kushoto kuna nini.

Mwanangu, mtu husadiki upesi maneno yanayomsifu. Lau angeniambia kuwa watu wa A ni wavivu, ningeuona upuuzi, ningemaliza samaki wangu, yakaisha. Lakini alinisifu, nikayapokea kwa mikono miwili. Na ajabu ni kwamba mimi nilikulia mahali ambapo watu huenda kwa mpiga falaki kutazamiwa nyota kabla ya posa, na marehemu baba yangu alitukataza katakata. Nyota ni za mabaharia, si za kumpimia mtu, ndivyo alivyokuwa akituambia. Nikaja Amerika nikidhani nimeyapa kisogo mambo hayo. Kumbe yalikuja kwa jina la damu, yakanukia hospitali, nikayadhania elimu.

Mwezi uleule basi la kuchangia damu lilikuja likaegesha uani pa ghala. Wengi wetu tulijitolea, na baadaye tukaletewa kadi zenye makundi yetu. Mimi nikawa kama mtoto aliyepata mchezo mpya. Nilimwuliza kila mtu, nikaandika katika daftari dogo nililolitia mfuko wa shati. Watu walifurahi kuambiwa tabia zao. Hakuna asiyependa kuzungumziwa.

Kati yao alikuwapo kijana wa Bukavu, Kongo, jina lake Bahati. Wakati ule Wakongo hapa Texas walikuwa wachache, na pale kazini mimi na yeye tu ndio tuliozungumza Kiswahili, yeye chake na mimi changu. Hakuwa na gari, kwa hiyo nilimpitia kila asubuhi na kumrudisha jioni. Alikuwa kibarua wa muda, hana bima ya afya, na mkewe Furaha alikuwa na mimba ya miezi mitano. Njiani alinihadithia habari za mama yake aliyeishi Houston, mtaa wa Alief, na jinsi atakavyomleta aje amlee mjukuu. Bahati alikuwa na kicheko kikubwa na mikono isiyotulia. Siku moja alipanga upya rafu nzima bila kuulizwa, ili vipuri vinavyotoka sana viwe karibu na mlango. Nilimsifu siku ile, maana kazi ilikwenda haraka zaidi.

Kisha akanionyesha kadi yake. Ilikuwa B.

Toka hapo sikumwona tena Bahati, niliona B. Akicheka, nasema moyoni, hao ndio watu wa B. Akichelewa kutoka nyumbani dakika tano, hao ndio. Hata ile rafu niliyoisifu, sasa niliiona kuwa ushahidi wa mtu asiyefuata utaratibu. Jicho likishaambiwa litafute nini, halikosi kukiona.

Haikupita muda, meneja wetu, Bwana Sato, akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache na wa haki. Alitaka kumwajiri mmoja wa vibarua kuwa msimamizi wa zamu, kazi ya kudumu yenye bima ya mfanyakazi na mkewe. Walibaki wawili, Bahati na kijana mwingine wa hukuhuku Texas. Akaniuliza mimi kwa kuwa nazungumza lugha moja na Bahati na napanda naye gari moja. Alidhani nani atamjua kuliko mimi? Nami, mwanangu, nikamjibu kwamba Bahati ni kijana mzuri lakini hufuata kichwa chake, si wa kutegemewa. Sikutaja damu. Nililivisha neno langu nguo ya uzoefu ili lisionekane lilivyo uchi. Bwana Sato akanishukuru. Kazi akapewa yule mwingine.

Bahati akasikia kwa wenzake ni nani aliyemsema vibaya. Jioni ile tulikuwa ndani ya gari, barabara kuu imejaa, hatuendi mbele wala nyuma, na hakuna pa kukimbilia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, nilikosa nini?"

Nikatafuta kosa. Nikatafuta tena. Sikupata hata moja ambalo ningelitaja mbele ya mtu mwenye akili. Mwisho nikasema kuwa si yeye, ni damu yake, ni lile kundi la B. Nilidhani nikisema hivyo itapungua ukali. Alinitazama, akageuza uso dirishani. Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya nyumba yao nikimsubiri. Alikuwa ameshaondoka na mtu mwingine. Wiki mbili baadaye yeye na Furaha walihamia Houston kwa mama yake.

Ungedhani nilijuta hapo. La. Nilijiambia kwamba ameondoka kwa kuwa watu wa B hawavumilii. Ujinga ukishapata mlango hauchoki kuleta wageni.

Aliyenizindua ni Bi Keiko. Nilimsimulia wakati wa chakula, na, Mungu anisamehe, nilisimulia kwa majivuno, kama mwanafunzi anayempelekea mwalimu hesabu iliyopata vema. Akaweka chini vijiti vyake vya kulia. Akaniambia kuwa mambo hayo ni ya kuchangamshia meza, si ya kumnyima mtu riziki. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: "Mimi mwenyewe ni B."

Huyo ndiye aliyekuwa akifika wa kwanza ofisini na kuondoka wa mwisho. Akanieleza polepole kwamba alipokuwa msichana, kijana mmoja alitaka kumwoa, na mama wa kijana akakataa kwa sababu hiyo hiyo, na kijana akamsikiliza mama yake. Tangu hapo Bi Keiko hulitaja jambo la makundi ya damu kwa kicheko kila mahali, apate kuwa wa kwanza kulicheka. Nami nilikuwa nimekula naye meza moja miezi mingi, sikuona chozi lililokuwa chini ya kile kicheko. Sikukimaliza chakula changu. Niliinuka.

Jumapili iliyofuata nikaendesha gari hadi Houston, saa nne njiani, nikipanga maneno na kuyapangua. Mlango ulifunguliwa na mama yake Bahati, Mama Nabintu, mwanamke mfupi mwenye macho makali. Bahati na mkewe walikuwa bado kanisani. Yeye alibaki kwa maumivu ya magoti. Nikajitambulisha. Alijua mimi ni nani, na bado alinikaribisha ndani. Nikamweleza yote, kuanzia swali la Bi Keiko mpaka neno nililompa Bwana Sato, bila kujitetea, maana mtu mzima akivuliwa nguo huchutama.

Akasema, na Kiswahili chake cha Bukavu nakisikia hadi leo: "Mutoto wangu, kule kwetu vita ilianza vile vile. Batu baliulizana, weye ni wa damu gani? Habakuulizana, weye umefanya nini? Mimi nilizika mume wangu kwa sababu ya ile ulizo. Nikavuka na batoto tukafika huku. Sasa na weye umetuletea ile ulizo ndani ya karatasi ya hospitali."

Nililia, mwanangu, mimi mwanamume mzima, kwenye kochi la watu nisiowahi kuwatembelea. Hakunibembeleza na hakunifukuza. Alikwenda jikoni akarudi na ugali na sombe, yale majani ya muhogo wanayoyapika vizuri Wakongo, akanisogezea sahani akaniambia nile kwanza, kwa maana mutu hawezi kutubu vizuri na njaa.

Bahati aliporudi alinikuta na tonge mkononi. Nikasimama, nikamwomba radhi mbele ya mama yake na mkewe, ambaye sasa tumbo lake lilikuwa kubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenisamehe, lakini akaongeza neno ambalo lilikuwa zito kuliko hasira: "Kosa hukulifanya kwangu peke yangu. Yule uliyemwambia, nenda ukamwambie tena."

Saa nne za kurudi nilikuwa na hofu. Mimi nami nilikuwa mgeni katika nchi, nina kazi moja, na nilikuwa nakwenda kumwambia bosi kuwa nilimdanganya. Ulimi hauna mfupa, lakini Jumatatu asubuhi ulikuwa mzito kama jiwe. Nilimweleza Bwana Sato kila kitu. Uso wake haukubadilika. Mwisho akaniuliza kama nilipata kumwona Bahati akifanya kazi vibaya hata siku moja. Nikasema hapana. Akaniuliza kwa nini basi sikusema nilichokiona. Hilo tu. Akaniruhusu nitoke, na mwaka mzima hakuniuliza tena maoni yangu juu ya mtu yeyote. Niliona ni haki yangu.

Lakini siku ileile alimpigia simu Bahati, akamwomba msamaha kwa niaba ya ofisi, akamwahidi nafasi nyingine ya msimamizi itakayofunguka. Bahati alimshukuru, akakataa. Kule Houston alikuwa ameanza kuwahudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee, na ile mikono isiyotulia ilikuwa imepata kazi yake. Alichoomba ni barua tu. Bwana Sato akamwandikia barua ya kumsifu, kurasa mbili, na ndani yake akaeleza habari za ile rafu. Kwa barua hiyo na juhudi zake Bahati alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndiye yule mjomba wenu Bahati mnayemjua, muuguzi, anayekuja kwetu kila Idi na watoto wake, naye hutualika Krismasi kwake. Lile ombi la msamaha halikutufanya marafiki kwa siku moja. Ilichukua miaka, simu moja moja, msiba huu na harusi ile. Mama Nabintu alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na Bahati ndiye aliyenishika mkono akaniweka upande wake.

Basi sikia, mwanangu, unipe masikio yote mawili. Kuulizana makundi ya damu mezani si dhambi. Bi Keiko hakunifanyia ubaya aliponiuliza. Ubaya niliufanya mimi nilipoacha kumtazama mtu nikatazama herufi. Ukimpenda mtu au ukimkataa, mpende au umkatae kwa yale aliyoyatenda ukiwa unamwona, kwa muda wa kutosha, katika dhiki na katika faraja. Wazee walisema uungwana ni vitendo, hawakusema ni damu, wala kabila, wala nyota. Ukiulizwa habari za mwenzio, sema ulichokiona. Kama hukuona kitu, sema hukuona. Neno lako moja laweza kuwa bima ya mtoto ambaye hajazaliwa. Na ukikosa, kwa maana utakosa, usiishie kumwomba radhi faraghani yule uliyemkosea. Rudi mpaka kwa yule aliyesikia uongo wako, ukaunyooshe hapohapo ulipoupindia. Utaona haya, lakini haya haiui, na mlango unaouogopa mara nyingi nyuma yake kuna mtu wa kukupa chakula.

Mungu akufungulie macho ya kuwaona watu, akuepushe na sifa zinazopofusha, akupe marafiki watakaokusamehe na ujasiri wa kuwastahili. Uende salama, uishi na watu, na watu wapende kuishi nawe.