Bakteria wa dada yangu na visahani nilivyosahau kuviua

Wakuu, nawasalimu kutoka Mbale. Haya yamenitokea mwenyewe, na sehemu ya aibu sijaiondoa.

Vita vilituacha yatima kule Bugembe. Mimi nilikuwa darasa la sita, mdogo wangu Zaituni bado ananyonya. Nikaacha shule nimlee.

Sasa anasomea bakteria chuoni, na mimi naosha vyombo katika maabara hiyohiyo.

Bakteria wake ni wa udongoni. Wakikomaa huota manyoya meupe kama ukungu, na hutoa dawa ya buluu inayoua vijidudu vingine. Zaituni aliwaondolea kitu kidogo sana. Nikauliza kitu gani.

"Kaka, ulipojenga Budondo, nani alimletea fundi matofali?"

"Kibarua."

"Basi kibarua ndiyo tRNA. Inaleta vipande, protini inajengwa. Ina kialama cha kikemikali kinachoisaidia kushika vizuri. Nimekiondoa."

"Yaani umemvua kibarua viatu."

"We bwana, ungesoma ungetusumbua."

Ijumaa, siku ya nne tangu awapande, visahani anamowaotesha vilikuwa vipara. Akaandika kwenye ripoti: hawakomai, hawatoi dawa. Akaniambia niviue kwenye mashine ya mvuke. Jumatano angeitetea ripoti mbele ya walimu wake.

Nikakimbilia swala, nikavisahau kabatini.

Jumatatu navitazama: vyeupe juu, na buluu imeanza kuingia chini.

Wakuu, kuacha bakteria bila kuwaua ni kosa la kufukuzwa kazi. Nikinyamaza, dada yangu atasimama na jambo lisilo la kweli. Nilivishika vile visahani muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nikamwita. Akaviinua dirishani.

"Kumbe wanachelewa tu." Halafu akanigeukia. "Unajua daktari anayesimamia maabara atakuandikia barua?"

"Aandike. Utanisomea."

Barua ilikuja, onyo la mwisho. Utetezi ukasogezwa mwezi mmoja. Zaituni akarudia jaribio lote, safari hii akasubiri siku saba. Ikawa vilevile: manyoya yanachelewa, dawa inachelewa na inatoka kidogo.

Nilichojifunza: siku ya nne inakupa habari za siku ya nne. Ukitaka kuandika "hawawezi", subiri kwanza.

Ila bado sielewi. Kialama kidogo hivyo kinaamuaje lini kiumbe akomae? Zaituni anasema ni protini fulani inayocheleweshwa, lakini ipi, hata yeye hajui.

Wenye elimu hiyo humu, nielezeni taratibu. Na kuhusu ile barua, semeni tu, nilistahili.