Hesabu Juu ya Mfuko wa Unga

Kavuo, fundi umeme wa kinu chetu cha mahindi hapa Butembo, ni mpole mpaka ufike kwenye hesabu. Hapo hamwogopi hata tajiri. Mimi Vagheni, msagaji, nilimcheka waziwazi, na leo nakiri.

Lusenge, mwenye kinu, alileta transfo, yaani transfoma, ya kVA 630 badala ya ile ya 160. Lakini disjoncteur, kifaa kinachokata umeme shoti ikitokea, alitaka ibaki ya zamani.

"Mashini ni zile zile," alisema. "Ju ya nini nitafute ingine?"

Kavuo alitandaza mfuko mtupu wa unga, akaandika. Aligawanya nguvu ya transfo kwa volti 400 na kipeuo cha pili cha tatu, akapata ampea 909. Akazigawanya tena kwa asilimia nne ya ukinzani, iliyoandikwa kwenye kibao cha transfo.

"Patron, ona. Court-circuit, hiyo shoti, ikifika, hii itasukuma ampea elfu makumi mbili na mbili. Transfo ya zamani, elfu sita tu. Disjoncteur yako inaweza kukata elfu kumi. Itapasuka mbele ya mutu."

"Unanitisha bure."

"Donc siku ya kufungua, nani atawasha?"

"Mama yangu." Kwao mtambo mpya huwashwa na mama mzazi.

"Basi umusimamishe hapa weye mwenyewe. Mimi hapana. Kazi yako, ubakie nayo."

Nilijua amejifukuzisha. Lusenge aliukunja ule mfuko, akaondoka nao. Jumatatu akaagiza disjoncteur ya elfu thelathini na sita.

Siku ya ufunguzi mchungaji aliomba, kisha Mama Kyakimwa, mama yake Lusenge, bibi wa miaka themanini, akainua mkono wa disjoncteur. Pa! Taa zikazimika. Mimi nilikuwa wa kwanza kukimbilia mlango, aibu yangu. Bibi alibaki amesimama, mzima kabisa.

"Nimeharibu?"

"Hapana, Koko," Kavuo alimjibu bibi. "Imejikata yenyewe."

Kavuo alifuata kebo ukutani. Nyuma ya vitambaa vya sherehe akakuta msumari: Henri seremala, akitundika maua asubuhi, alikuwa ameupigilia katikati ya kebo.

Kebo ilipobadilishwa, Lusenge alitaka kuwasha mwenyewe. Mama akampiga kofi mkononi. "Toka! Mimi najua."

Kinu kikaunguruma, tukapiga vigelegele. Lusenge aliinua ule mfuko mbele ya wageni wote.

"Batu yangu, mama yangu angali hapa ju ya hesabu ya huyu Kavuo."