Baba na Namba Kumi

Hoteli yangu hapa Migori ina meza sita, lakini ile ya pembeni si yangu tena. Ilinyakuliwa miaka mingi iliyopita na wazee watatu wanaojiita wanahistoria wa ndondi: mwalimu mstaafu, fundi wa nguo, na mzee aliyekuwa karani wa mahakama. Kikombe kimoja cha chai humtosha kila mmoja kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvaa glavu. Aliyezivaa ni baba yangu, naye hana kura kwenye meza ile, kwa sababu karani aliamua kwamba ana maslahi.

Mabondia wa dunia hawawasumbui sana. Kuna asubuhi fundi alidai kwamba bondia mmoja mfupi aliyemwona kwenye simu ndiye bora wa nyakati zote, ukiwapima kilo kwa kilo.

"Hiyo jitu ya uzani mzito, ipunguze kilo thelathini halafu uone kama itamweza," alisema.

"Utaipunguza na nini?" karani akamuuliza. "Panga?"

Vita vyenyewe vilikuwa juu ya orodha ya nyumbani: mabondia kumi bora wa Nyanza Kusini ya zamani, kabla ya Migori na Homa Bay kuwa kaunti mbili. Mwalimu aliiandika katika kaunta buku. Fundi, ambaye kwao ni upande wa Homa Bay, aliwahesabu watu wa kwao kila asubuhi, asije akapunjwa. Mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Kehancha alipouliza mbona hakuna Mkuria hata mmoja, aliambiwa alete ushahidi wa maandishi. Akajibu kwamba kwao mtu akipigwa haandikiwi barua, akalipia chai yake na kwenda zake.

Baba alikuwa namba kumi na moja. Si namba mbaya, isipokuwa orodha ikiwa ya watu kumi. Mwalimu alimwandika chini ya mstari, kwa penseli.

Baba alisema, na alikuwa akisema tangu nilipokuwa mtoto, kwamba yule namba kumi alishindwa naye ulingoni, Homa Bay, wote wawili wakiwa vijana. Karani akataka karatasi. Baba akaleta kopo alimohifadhi ukurasa wa gazeti. Mchwa walikuwa wamemtangulia. Kilichobaki ni pembe moja yenye tangazo la sabuni. Karani alivaa miwani, akaligeuza huku na huku, akatamka kwamba limethibitisha bila shaka yoyote kuwa mwaka ule sabuni iliuzwa. Wenzake walicheka mpaka chai ikawapalia. Baba alicheka pia, lakini mimi namjua baba yangu.

Halafu nikafanya kosa. Nilichoshwa na kelele zao, nikawaambia orodha hiyo ichorwe kwenye ukuta wangu, mambo yaishe. Mchoraji akaitwa aje Ijumaa. Tangu siku hiyo baba hakumaliza sahani ya chakula.

"Penseli inafutika," aliniambia. "Rangi nayo, wakishapaka, nimeisha."

Nikamwambia ukuta ni wangu, na nikitaka watachora majina kumi na moja.

"Sitaki kubebwa na msichana wangu," alisema, akasukuma sahani.

Karani ndiye aliyetoa njia, kwa sauti ile ya kortini. Bila karatasi, alisema, maungamo ya aliyeshindwa yanatosha. Aliyeshindwa ni nani? Ni namba kumi mwenyewe, mzee anayeishi kisiwani Takawiri. Yaani mtu aombwe akate tawi alilokalia. Walijua hilo, na nyuso zao zilionyesha kwamba walijua. Nikapandwa na hasira. Jumatano nilifunga hoteli, nikawaacha wanahistoria watafute chai kwingine, nikaenda hadi Mbita na kupanda boti.

Nilimkuta mzee sebuleni kwake, mrefu, masikio yamekunjamana kama njugu, mke wake na wajukuu wanne wakiwa wamemzunguka. Nikajitambulisha kuwa natoka Migori, kwenye hoteli ya wanahistoria wa ndondi.

"Nyar Migori, karibu!" alisema, na kwa Kijaluo hiyo ni kusema binti wa Migori. "Tuletee mgeni samaki!"

Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, palikuwa na ukurasa wa kaunta buku ya mwalimu. Fundi alikuwa ameupiga picha na kumtumia, naye akauchapisha. Jina lake lilikuwa limepigiwa mstari mwekundu. Mjukuu mdogo kabisa alinisomea lote bila kukwama, kisha akanieleza kwamba pasta huitaja namba hiyo kila vijana wa kanisa wanapofundishwa bidii. Nilikula samaki wa watu huku nikitafuta pa kuanzia. Nilipolitaja jina la baba tu, mzee alisimama.

"Wacha tutembee kidogo nje," alisema. "Hapa kuna joto."

Hapakuwa na joto. Tulisimama nyuma ya choo, mimi, yeye na mbuzi wawili, nikamuuliza waziwazi.

"Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi danganya," alisema. "Ndiyo maana sipendi kuulizwa." Akatazama kama mlango wa jikoni umefungwa. "Alinipiga. Raundi ya pili. Aliruka hivi, akanipea kushoto, hapa chini ya mbavu. Mpaka leo nikilalia hii upande namkumbuka."

"Basi mzee, naomba uniandikie hayo."

"Nitaandika. Lakini mtoe nikishakufa."

"Mchoraji anakuja Ijumaa."

Akafikiri sana, mkono kwenye mbavu. "Ijumaa," alisema, "siwezi kuwa tayari."

Nilicheka, Mungu anisamehe, naye akacheka, tukashikana mabega pale nyuma ya choo. Lakini hakuandika. Alinifungia samaki wawili nimpelekee baba, akaniomba nisiwaambie watoto.

Njia nzima nilimtukana kimoyomoyo, na nilipochoka naye nikahamia kwa karani. Ningeweza kuwaambia wale wazee yote niliyosikia, na kwa kuwa mimi si mwenye maslahi, au ni mwenye maslahi nusu, huenda wangekubali. Nilimkuta baba jikoni, ameketi juu ya kreti ya soda, hajavua hata kofia. Nikamweleza yote, hadi wale mbuzi.

"Alisema mkono gani?" akauliza.

"Kushoto. Chini ya mbavu. Raundi ya pili."

Baba akavua kofia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Kwa hivyo ni ukweli," alisema. "Hao watu wameniuliza karatasi miaka mingi mpaka nikaanza kujiuliza mimi mwenyewe. Nilikuwa nadhani labda niliota."

Nikamwambia kesho kutwa tutawanyoosha wote watatu. Aliomba ugali, akala na samaki wote wawili.

Ijumaa mchoraji alipanda kiti akaanza na namba moja. Alipofika tisa, karani aligeukia upande wangu.

"Mama hoteli, ulileta maungamo?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Baba akanitangulia.

"Amekataa," alisema. "Anasema sikumpiga. Na miaka imepita mingi, pengine ni mimi nimesahau."

Karibu birika linianguke. Karani aliguna kwa kuridhika, na mwalimu akachukua kifutio, akalifuta jina la baba, akapuliza vumbi la penseli. Nilitamani nimmwagie mtu chai. Baba alikuwa ameinuka, amesogea hadi ukutani, ameshika kiti cha mchoraji kisitikisike.

"Hiyo namba kumi iandike kubwa, kijana," alimwambia. "Ana wajukuu, watakuja kuisoma."