Sabato Ambayo Bi Ruth Alishika Simu

Ijumaa ile niliwasha taa za jikoni na ukumbini, nikaiacha supu kwenye moto mdogo, kama kawaida. Nieleze kidogo, maana wengi wetu hatuijui desturi hii. Kwa Myahudi mshika dini kama Bi Ruth, Sabato huanza jua la Ijumaa likizama. Tangu hapo hagusi swichi, hawashi moto, hashiki simu, mpaka giza la Jumamosi. Kwa hiyo kila kitu hutayarishwa mapema, na mtayarishaji nilikuwa mimi, Mwislamu wa Tanga ninayetunza wazee huku ughaibuni, Germantown.

"Zuwena, ya chooni?"

"Nimewasha, Bibi. Wiki iliyopita nilipoisahau ulipapasa ukuta kama mwizi."

"Mwizi wa nyumba yangu mwenyewe!" Akacheka.

Vita kati ya watu wa dini yake na wa dini yangu vilikuwa ng'ambo ya bahari, lakini hofu yake ilikuwa imeshahamia kwetu. Msikitini kwetu, Langley Park, mlinzi alisimama mlangoni; kwenye sinagogi lao, gari la polisi. Mwenzangu mmoja alivuliwa mtandio kwa nguvu ndani ya basi. Mume wangu akawa ananisihi, "Mama Latifa, vaa basi hata kofia ya sufu juu yake."

Bi Ruth naye alikuwa na kijisanduku chenye maandiko, kimepigiliwa kwenye mwimo wa mlango wa mbele. Mwanawe alimpigia simu kutoka mbali: king'oe, mama, na likitokea lolote, nakuja kukuhamishia nyumba ya wazee. Alikataa vyote viwili. Mumewe alifia katika nyumba ile, naye alitaka kufia humo humo.

Jua lilikuwa limeshazama mlango ulipopigwa teke.

"Toka, Myahudi!"

Kisha yule mwanamume akaniona dirishani. Akasita.

"Na magaidi mnawafuga humo!"

"Hajui hata aanze kumchukia nani," Bi Ruth alininong'oneza. Hatukucheka.

Teke jingine. Mlango wa nyuma ulitokea uani, na geti la ua lilitokea mtaa ule ule aliokuwepo.

Nikatoa simu. Bi Ruth akaushika mkono wangu.

"Lete."

"Bibi, Sabato."

"Roho ya mtu ikiwa hatarini, inaruhusiwa."

"Basi nipige mimi. Mimi sina Sabato."

"Polisi wakifika wakute mtu anapiga kelele nje na wewe umejifunika kichwa ndani, wataanza na nani? Lete."

"Ukipiga wewe, polisi watamwarifu mwanao, aje akuhamishe."

"Najua."

Akabonyeza mwenyewe. Akataja mtaa. Kisha akasema, polepole, "Niko na msichana wangu. Anaitwa Zuwena, amevaa mtandio, na ni wa nyumba hii."

Mwanamume alikimbia aliposikia ving'ora. Kijisanduku tulikikuta kimevunjika kizingitini. Askari aliyeingia alinisalimia kwa jina langu.

Mwanawe alifika kabla ya Sabato iliyofuata. Nilifunga sufuria za Bi Ruth kwa magazeti, moja moja. Huko alikopelekwa hakumaliza mwaka.

Watu huniambia nishukuru, kwa kuwa jioni ile hakuna aliyeumia. Nashukuru kweli. Ila najua alijua simu ile ingemgharimu nini, na akaipiga ili nisalimike mimi.

Nyumba ina wenyewe wengine sasa; mwimo umepakwa rangi. Nami kila Ijumaa, jua likiwa bado juu, huwasha taa nyumbani kwangu. Naanzia chooni.